Daftari lipi la wadudu kwa mtoto: la mdudu mmoja, la wadudu wengi au la mti mmoja?

Mzazi akiamua kumpa mtoto daftari la kuchorea wadudu, cha kwanza anachowaza ni karatasi na rangi. Hayo yanaweza kusubiri. Linaloamua kama daftari litajaa au litatupwa kabatini ni kitu ambacho mtoto ataambiwa akifuate. Ziko namna tatu ninazoziona zikifanya kazi huku Muheza, mkoani Tanga, majumbani na shuleni. Kuna daftari linalomfuata mdudu mmoja tangu akiwa yai hadi anaporuka. Kuna linalokusanya wadudu wengi, ukurasa mmoja kwa kila mdudu. Na kuna lisilomfuata mdudu yeyote, bali hukaa mahali pamoja, tuseme chini ya mwembe, na kupokea chochote kitakachopita hapo mwaka mzima.

Niseme mapema ninakoegemea: kwa mtoto anayeanza, wa miaka sita hadi kumi hivi, mimi nachagua la mdudu mmoja. Wengi huanza na la wadudu wengi kwa sababu linajaa haraka na linapendeza kuwaonyesha wageni. Sina ugomvi nalo, lakini lina mtego wake, nitaueleza.

La mdudu mmoja

Muheza ni nchi ya machungwa, na penye mchungwa, mlimau au mndimu hakosi yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye wataalamu humwita Papilio demodocus. Jike hutaga yai mojamoja kwenye majani machanga. Yai ni la duara, manjano hafifu, upana wake kama milimita moja. Basi ukurasa wa kwanza ni huo: jani limechorwa kwa ukubwa wake halisi, nukta imewekwa palepale yai lilipo, tarehe pembeni. Siku zinazofuata karibu hakuna kinachobadilika isipokuwa yai kukolea rangi. Hapo mzazi huanza kuona kazi hii haina maana. Mwache mtoto aendelee. Kiwavi akitoka, chakula chake cha kwanza huwa ganda la yai lake mwenyewe, na mtoto aliyewahi kuamka anaweza kumkuta akilimalizia.

Viwavi wadogo wana weusi na kahawia na baka jeupe mgongoni. Ukiwaona kwa haraka utaapa ni mavi ya ndege. Huo ndio ujanja wao, kwa sababu ndege hana hamu ya kudonoa mavi. Baada ya kujivua ngozi mara kadhaa kiwavi hugeuka kabisa: anakuwa wa kijani, na mabaka ya kahawia yanayokata ubavuni, na anafikia sentimita nne na ushei. Mtoto aliyemchora kila baada ya siku mbili anazo picha zote mbili mkononi, na hahitaji kuambiwa kwamba ni yuleyule. Mtoto aliyeonyeshwa tu picha kitabuni mara nyingi hukataa.

Kuna jambo moja ambalo hutokea karibu kila darasa linapomchora kiwavi huyu. Mtoto anahesabu miguu, anainua mkono: "Mwalimu, huyu ana kumi na sita. Si ulisema wadudu wana sita?" Swali zuri mno, na penseli ndiyo iliyolizaa. Mwambie asogee karibu atazame tena. Miguu sita ya mbele, karibu na kichwa, ni myembamba na imechongoka. Hiyo ndiyo miguu halisi, na kipepeo atakuja nayo. Kumi iliyobaki ni minene, laini, ya kung'ang'ania jani tu, na haitaonekana tena kiwavi akishakuwa kipepeo. Simjui mtoto aliyechora tofauti hiyo kwa mkono wake akaja kuisahau.

Kisha kuna pembe. Ukimgusa kiwavi taratibu kwa kijiti, nyuma ya kichwa huchomoza pembe mbili laini za rangi ya machungwa, na harufu kali inafuata. Watoto watataka kurudia mara ishirini. Weka sheria: mara moja kwa siku, na anayegusa ndiye anayechora.

Hatua ngumu ni pupa, yaani kiwavi aliyejifunga na kutulia kabla ya kuwa kipepeo. Kiwavi hujifunga kwenye kijiti kwa mkia na uzi mmoja wa hariri unaomzunguka kiunoni, halafu kwa muda wa wiki mbili au zaidi unachora kitu kisichosogea. Hapa ndipo madaftari mengi hufa. Dawa yake ni kuwa na viwavi wawili au watatu, waliojifunga sehemu tofauti. Pupa wengine huwa wa kijani na wengine wa kahawia, kulingana na pale walipojifunga, na mtoto akiona wawili wa rangi mbalimbali atakuwa na cha kuandika. Siku ya kutoka, mabawa huwa yamejikunja na kulowa. Kipepeo hujining'iniza, yakanyooka mbele ya macho. Hiyo siku usimpeleke mtoto dukani.

Hasara zake? Muda, kwanza. Tangu yai hadi kipepeo ni wiki tano, sita, pengine zaidi kukiwa na baridi, na kila siku kiwavi anataka majani mabichi. Pili, huenda pupa asitoe kipepeo kamwe. Kuna nyigu wadogo sana wanaotaga ndani ya viwavi na pupa, na badala ya kipepeo utaona kitundu na kundi la vijinyigu. Mtoto atalia. Mwache alie, halafu achore nyigu, maana huo nao ni ukurasa, tena ukurasa ambao wakulima wangelipa kuuona: nyigu wa namna hiyo ndio wanaopunguza wadudu waharibifu mashambani bila dawa.

Na tahadhari moja ambayo sijaiona ikiandikwa popote. Watu hufunika chupa ya kufugia kwa kipande cha chandarua cha zamani. Vyandarua vingi vinavyogawiwa kliniki na shuleni vimetiwa dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo haichagui kati ya mbu na kiwavi wako. Tumia kitambaa cha pazia jepesi, au shela. Majani nayo yatoke kwenye mti usiopuliziwa dawa.

Anayedhani huu ni mchezo wa watoto tu amfikirie Maria Sibylla Merian, aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1647. Alianza kufuga viwavi wa hariri mwaka 1660, akiwa na miaka 13, akichora kila hatua waliyopitia. Enzi hizo watu wengi Ulaya waliamini wadudu huzuka wenyewe kwenye matope na vitu vilivyooza. Mwaka 1699 alipanda meli na binti yake hadi Suriname, Amerika Kusini, akachora huko yai, kiwavi, pupa na kipepeo pamoja na mmea anaoula, vyote katika picha moja. Mpangilio huo wa kuweka mdudu na chakula chake ukurasa mmoja ndio ninaowapa watoto hadi leo. Sijaona ulio bora.

La wadudu wengi

Hili ndilo linalompendeza mtoto mwenye roho ya kukusanya: yule anayejua majina ya wachezaji wote na namba za jezi zao. Leo panzi, kesho kerengende, keshokutwa vunjajungu. Mwisho wa mwezi ana kurasa ishirini. Faida yake kubwa ni ulinganisho wenyewe. Mtoto akiwa na panzi ukurasa wa nne na senene ukurasa wa tano, anaanza kuuliza kwa nini panzi ana papasi (zile nyuzi za kichwani) fupi na senene ana papasi ndefu nyembamba zinazopita urefu wa mwili. Hapo unaweza kumwongezea tamu: senene ana masikio kwenye miguu ya mbele, chini kidogo ya goti, na panzi ana yake ubavuni, pale tumbo linapoanzia. Atakimbia kuyatafuta. Watoto wa Bukoba, ambako senene huliwa na msimu wake husubiriwa kwa hamu, wana bahati ya kuwa na wa kutosha kuchora kabla hawajafika kwenye kikaango.

Vivyo hivyo mchwa na sisimizi. Mtu mzima huwachanganya. Mtoto aliyewachora hawachanganyi. Sisimizi amekatika kiuno na papasi zake zina kiwiko. Mchwa hana kiuno, na papasi zake zimenyooka kama tasbihi. Kumbikumbi ni mchwa wenye mabawa, na mabawa yake manne yana urefu sawa. Ya sisimizi mwenye mabawa, mawili ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma. Michoro miwili ya dakika tano hufanya kazi ambayo maelezo ya ubaoni hayafanyi kwa wiki.

Sasa mtego. Daftari hili humfanya mtoto akimbilie mdudu anayefuata. Jina likipatikana, kazi imekwisha. Nimeona madaftari mazuri kabisa ambamo kila mdudu amenakiliwa kutoka simu ya mama: mabawa ya kipepeo wa Ulaya, mbawakawa ambaye hajawahi kukanyaga Tanga. Mtoto amejifunza kunakili. Ukichagua daftari hili weka sharti moja lisilo na mjadala: hakuna kuchora asiyemwona kwa macho yake. Na kila ukurasa uwe na swali ambalo mtoto hajalijibu. Bila swali hilo ni albamu.

Tatizo la pili ni kwamba buibui, nge, tandu, jongoo na kupe wote wataingia. Waache waingie, lakini nyuma ya daftari. Miguu sita na mwili wa sehemu tatu wanakaa mbele; wengine wanageuziwa daftari na kuanzia ukurasa wa mwisho. Baada ya miezi michache mtoto anajua kupanga bila kukariri chochote.

Hatari nazo zipo zaidi katika daftari hili, kwa kuwa mtoto anawasaka wadudu asiowajua. Viwavi wenye manyoya hawashikwi. Siafu na nyuki wanachorwa kwa mbali. Na yule mdudu mwembamba mwenye mistari ya nyekundu na nyeusi, anayeitwa nzi wa Nairobi ingawa ni jamii ya mbawakawa, asipondwe juu ya ngozi hata siku moja. Maji yake huacha vidonda vya kuungua. Kuhusu vunjajungu utasikia bibi akionya, "Mjukuu wangu, ukimgusa huyo vyungu vyangu vitavunjika." Usibishane na bibi. Kwa daftari ni heri tupu, maana vunjajungu asiyeguswa hukaa palepale na kukugeuzia kichwa akutazame, na huo ndio mkao wa kumchora.

La mti mmoja

Hili ndilo gumu kuliko yote kwa mtoto aliye peke yake, na zuri kuliko yote kwa darasa au kwa ndugu watatu wanaopokezana. Unachagua mti, kichuguu, kona ya bustani, au hata ukuta wenye taa nje. Kila wiki, siku ileile, anayeshika zamu anachora alichokikuta. Akikosa kitu anaandika "leo hakuna", na hiyo nayo ni habari.

Mwembe wenye majimoto unatosha kwa mwaka mzima. Wale sisimizi wa rangi ya kahawia-nyekundu wanaovuta majani mabichi, wakayaunga kuwa kiota, hawana uzi wao wenyewe wa kushonea. Wanawabeba mabuu wao mdomoni na kuwapitisha huku na huku kwenye ukingo wa majani. Hariri hutoka kwa buu. Mtoto mwenye lenzi ya mkono na subira anaweza kuliona hilo, na akilichora una haki ya kulitundika ukutani. Wiki zikienda, majani ya kiota hukauka, kiota kipya huanza tawi la pili, na daftari linaonyesha mji mzima ukihama. Kule Zanzibar majimoto wamejulikana tangu zamani kuwa walinzi wa minazi: hufukuza mdudu anayefyonza nazi changa na kuziangusha. Kwa hiyo mkulima anayewachukia kwa kumuuma anapovuna anawahitaji vilevile.

Faida ya daftari hili ni misimu. La mdudu mmoja linakwisha kipepeo akiruka. Hili linaona vuli ikianza, kumbikumbi wakitoka baada ya mvua za kwanza, na asubuhi yake mabawa yamejaa chini ya taa. Linaona kiangazi kikavu ambapo ukurasa baada ya ukurasa ni majimoto tu. Mwaka wa pili ndipo linaponoga, mtoto akifungua nyuma na kusema mwaka jana walitoka mapema. Hasara yake ni hiyohiyo: utamu unachelewa, na mtoto wa miaka saba hana mwaka wa kusubiri. Kwa wa darasa la tano kwenda juu, nawapa hili bila wasiwasi.

Penseli, simu au mdudu mkavu

Hapa sitakawia. Simu inapiga picha safi kuliko mtoto yeyote, na programu za kutambua wadudu kama iNaturalist zinaweza kukupa jina kwa sekunde. Zitumie mwisho, mchoro ukishakamilika. Ukianza na simu, macho yanafunga kazi pale jina linapotokea. Matumizi mazuri ya simu ni kumshika kerengende asiyetulia, halafu mtoto achore kutoka picha aliyoipiga mwenyewe.

Wadudu wakavu waliochomwa pini ni kazi ya makumbusho na vyuo. Kwa nyumba zetu, zenye sisimizi na unyevu wa pwani, mkusanyiko huo huliwa kabla ya Pasaka. Ukimkuta mbawakawa amekufa mwenyewe kibarazani, mchore upesi, ni zawadi. Kuwaua kwa ajili ya daftari hakuna haja.

Mchoro mbaya haudhuru. Mtoto atachora miguu ikitoka tumboni, usifute. Mwulize, "Hebu tazama tena, inaanzia wapi?" Ataona yote sita imetoka kifuani, atachora wa pili pembeni. Daftari lenye panzi wawili, mmoja wa kimakosa na mmoja wa kweli, lina thamani kuliko lenye mmoja mzuri ambaye wewe ulimsaidia mtoto kumchora.

Karatasi iwe nyeupe isiyo na mistari. Ukikosa daftari la michoro, chukua karatasi za kuchapishia, zikunje katikati, zishone kwa uzi na sindano. Jalada la boksi. Penseli moja laini, kichongeo, rula ndogo ya kupimia, na penseli za rangi chache. Rangi za maji zinalowesha karatasi nyepesi na kumkatisha mtoto tamaa, zisubiri.

Umri na mazingira

Kwa mtoto asiyejua kuandika, mdudu mmoja, naye anasema na wewe unaandika maneno yake vilevile alivyoyatamka, bila kuyanyoosha. Wa miaka saba hadi kumi, mdudu mmoja pia, kisha umruhusu aingie kwenye la wadudu wengi akimaliza. Mkusanyaji wa kuzaliwa usimzuie, mpe la wengi na lile sharti la macho. Darasa zima, mti mmoja, bila kujiuliza mara mbili. Na mtoto wa mkulima wa mahindi ana njia yake ya mkato: kiwavijeshi vamizi, aliyeonekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016 na kufika kwetu mwaka uliofuata. Usoni ana alama nyeupe ya herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mwisho wa mkia madoa manne meusi yaliyopangwa mraba. Mtoto anayeweza kuchora alama hizo mbili anaweza kumsaidia baba shambani kumtofautisha na viwavi wengine, na hapo daftari linakuwa na kazi nyumbani.

Wanaokaa ghorofani Dar es Salaam au Mombasa huniuliza wafanye nini bila mlimau. Jibu langu huwashtua: mbu. Chupa ya plastiki iliyokatwa, maji yenye viluwiluwi kutoka ndoo iliyosahaulika uani, kitambaa kilichofungwa kwa nguvu juu yake. Kwa joto la pwani hatua zote hupita ndani ya wiki moja hadi mbili, kwa hiyo hata mtoto asiye na subira anafika mwisho. Achore kiluwiluwi anavyokaa juu ya maji. Akining'inia kichwa chini kwa mshazari, akivuta hewa kwa mrija wa mkiani, si wa malaria. Akilala sambamba na uso wa maji, ni Anofelesi, mbu wa malaria, na mtoto amegundua jambo ambalo bwana afya wa mtaa angependa kulijua. Pupa wakishatokea, wamejikunja mfano wa alama ya mkato, michoro ikamilishwe siku hiyohiyo, kisha maji yamwagwe juu ya saruji au mchanga mkavu palipo jua, kabla mmoja hajapata mabawa.